Mathe Analia Magoti? Soma Hii Kabla Umnunulie Tembe za Mitishamba

Unajua vile inakuanga. Mathe akiinuka kwa kiti, goti linalia, anashika ukuta kwanza. Wewe nawe usiku uko kwa simu, unapatana na msee anauza tembe za "mitishamba asili" za viungo. Kabla utume doo, tulia kiasi.

Mara mingi kinachomsumbua ni osteoathraitisi. Gegedu, ile sehemu nyororo inayofunika ncha za mifupa, inaisha polepole, kiungo kinauma na kukakamaa. Hakuna mmea umethibitishwa kurudisha gegedu. Kwa hivyo yeyote anakuambia "inaponya kabisa" anakubeba ufala.

Zenye zimefanyiwa utafiti ni hizi:

Manjano: Kurkumini iliyo ndani imepunguzia watu maumivu ya goti kwa tafiti kadhaa, lakini nyingi ni ndogo na za muda mfupi. Mwili huifyonza kidogo sana, ndio maana tembe nyingi huongezwa pilipili manga. Chunga, tembe kali zimehusishwa na kuumia kwa ini.

Ubani wa India: Ni utomvu wa mti wa Boswellia serrata. Matokeo yanatia moyo, lakini pia tafiti ni ndogo.

Tangawizi: Inasaidia kidogo tu, na wengine inawachoma tumbo.

Kama mathe anatumia warfarini ama dawa ingine ya kuzuia damu kuganda, asimeze tembe za manjano wala tangawizi kabla aongee na daktari. Anaweza kuvuja damu.

Sasa noma yenyewe. 2022, FDA ya Marekani ilionya watu kuhusu tembe za viungo zinaitwa Artri King. Kwa lebo ya moja waliandika thabai, ule mmea wa kuwasha, na omega 3. Maabara ikapata diklofenaki na deksamethasoni, dawa za hospitali zenye hazikuandikwa popote. Deksamethasoni ni steroidi: inapandisha sukari na presha, na ukiitumia kwa muda halafu uache ghafla, mwili unaweza kulemewa vibaya.

Kwa hivyo shika hii: mmea, ukisaidia, huchukua wiki kadhaa. Tembe ikimaliza uchungu wote usiku mmoja, usisherehekee. Beba boxi umpelekee mfamasia. Na kama mathe ameimeza kwa muda, asiache ghafla. Aone daktari kwanza.

Yenye inasaidia kuliko zote haiuzwi kwa chupa. Ni mazoezi ya kukaza misuli ya mapaja, na kupunguza uzito kama umezidi. Kila kilo moja akipunguza, goti linaondolewa mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua. Jioni mshike mkono, mtembee pole pole hadi stage na kurudi. Hiyo haitaki hata delivery.