Kiswahili Mlangoni, Kifaransa Darasani: Juu ya Masomo na Shughuli za Wanafunzi katika Shule Zetu za Sekondari

Mgeni anayefika Bukavu huonyeshwa Kolegi Alfajiri na Lisee Wima. Anayefika Lubumbashi huonyeshwa Kolegi Imara na Lisee Tuendelee. Ni majina ya Kiswahili safi, tena yamechaguliwa kwa busara: mwanga wa asubuhi, kusimama bila kuinama, uthabiti, mwendo wa mbele. Lakini si majina ya tangu zamani. Alfajiri ya Wayesuiti iliitwa kwanza Notre-Dame de la Victoire, na Imara ya Wasalesiani iliitwa Saint-François de Sales. Mabadiliko yalikuja mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika siasa ya kurudia uasili: nchi ikaitwa Zaire mwezi wa Oktoba 1971, watu wakaacha majina yao ya ubatizo mwaka 1972, nazo shule zikayaacha majina ya watakatifu na ya wafalme. Huko Kinshasa, Kolegi Albert Ier ikawa Boboto, yaani amani kwa Kilingala.

Swali letu katika kurasa hizi ni moja. Jina lilipobadilika mlangoni, ni kitu gani kilichobadilika katika daftari la mwanafunzi? Kwa upande wa lugha tunaweza kujibu bila kusita: karibu hakuna. Kiswahili kiliishi shuleni, na kinaishi hata leo, lakini kiliishi nje ya somo, yaani katika kwaya, katika mchezo wa kuigiza, uwanjani na bwenini.

Hali haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mapadri Weupe walioshika kituo cha Mpala, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, walikifanya Kiswahili kuwa lugha ya misheni na ya mafundisho ya dini. Katika malezi ya seminari za Mpala na Baudouinville ndimo alimotoka Stefano Kaoze, aliyepadirishwa mwaka 1917, padri wa kwanza Mkongomani wa nyakati hizi. Kilatini kilikuwa ngazi ya kupandia elimu ya juu, na makala yake mashuhuri juu ya saikolojia ya Wabantu aliyaandika kwa Kifaransa. Lakini Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi, lugha ya kuandika na kusoma, wala hakikuwa mzaha wa wakati wa mapumziko.

Kadiri shule ya sekondari ilivyokua, nafasi hiyo ilipungua. Hadi programu ya mwaka 1948, kijana Mwafrika aliyemaliza shule ya msingi alikuwa na njia chache mbele yake: seminari, shule ya walimu, au shule ya makarani. Kolegi kubwa za mijini zilikuwa za watoto wa Wazungu, na Waafrika hawakuingia humo ila mwishoni mwa ukoloni. Walipoingia, walikuta programu iliyosukwa kwa Kifaransa tangu kichwa hadi miguu. Baada ya uhuru, mwaka 1962, Kifaransa kikawekwa hata katika madarasa ya msingi. Mwaka 1967 ukaja Mtihani wa Serikali, nao ndio uliofunga mlango. Siku ya lugha ni siku ya Kifaransa na Kiingereza. Na kila mwalimu anajua kwamba kisichotahiniwa hakifundishwi. Wanaisimu walikutana papa hapa Lubumbashi mwezi wa Mei 1974, wakadai lugha za taifa zipewe nafasi katika elimu. Mwishoni mwa mwaka uleule Serikali ilizitwaa shule za makanisa, ikarudisha uongozi wake kwa mkataba wa Februari 1977. Ugomvi huo ulikuwa wa dini na mamlaka. Lugha ya kufundishia haikumnyima mtu usingizi.

Tutoke sasa darasani. Mfano mkubwa kuliko yote katika Katanga ni ule wa Kamina. Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikusanya wavulana na walimu wa shule ya hapo, akaunda kwaya iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Kazi yao, Missa Luba, iliimbwa mwaka 1958, na mwaka huohuo wakasafiri hadi Ulaya na kuimba katika maonyesho ya dunia ya Brussels. Wengi wao walikuwa bado watoto wa umri wa shule ya msingi, lakini somo lao latuhusu. Maneno ya misa yalibaki ya Kilatini. Ngoma na mtindo wa kuimba vilikuwa vya kwao. Ujuzi ambao hakuna mwalimu aliyeuandika ubaoni ndio uliosikika duniani. (Miaka kumi baadaye, Sanctus yao ilitiwa katika filamu ya Kiingereza juu ya wanafunzi wa bweni wanaoasi. Haazen hakuwa amefikiria matumizi hayo!)

Katika miaka ya 1970 shughuli za nje ya darasa ziliongezeka, ingawa si zote zilikuwa za hiari. Vijana wa JMPR walisimamisha wanafunzi mbele ya bendera, wakawachezesha animasio ya kisiasa, na nyimbo zake zilikuwa kwa lugha zetu. Tusiitukuze animasio: ilikuwa sifa kwa mtu mmoja. Lakini jambo moja halina budi kusemwa. Dola iliyotaka kusikika na vijana iliwaimbisha kwa Kilingala na Kiswahili. Ilipotaka kuwapima, iliwaandikia Kifaransa.

Mgawanyo huo unaonekana wazi zaidi siku ya kutangaza matokeo, mwisho wa mwaka. Hotuba ya mkuu wa shule ni ya Kifaransa, na shairi la mwanafunzi bora ni la Kifaransa. Kisha unakuja mchezo mfupi wa kuigiza, wa Kiswahili cha mji, ambamo mlevi, mke mkali na askari wanagombana, na wazazi wanacheka hadi machozi. Kundi la Mufwankolo, lililojulikana kwa redio na televisheni ya Lubumbashi, liliwapa wanafunzi kielelezo cha aina hiyo, na kielelezo chema. Hatari ni nyingine: mtoto anajifunza, bila kuambiwa na mtu, kwamba Kifaransa ni cha heshima na Kiswahili ni cha kuchekesha. Katika shule kadhaa alijifunza hilo hata kwa adhabu, kwa kuvikwa alama shingoni aliponaswa akisema lugha ya nyumbani.

Matokeo yake tunayapokea sisi, katika mwaka wa kwanza wa chuo kikuu. Mwanafunzi aliyeota meno kwa Kiswahili, anayeweza kusimulia saa nzima bila kukwama, anapewa kalamu na kuandika «moutoto» na «tou-nakouya», kwa sababu herufi zote anazozijua alifundishwa kwa Kifaransa. Anasema «batoto banaenda ku masomo», kama mji wote unavyosema, naye anaaibika mbele ya «watoto wanakwenda shuleni», kana kwamba amekosa adabu. Hajakosa kitu, hakuwahi kuonyeshwa kwamba zipo namna mbili, na kila moja ina mahali pake.

Historia ya mji huu iliyoandikwa kwa Kiswahili cha wakazi wake, Vocabulaire ya mwaka 1965, haikutoka katika kolegi yoyote. André Yav aliitunga kwa niaba ya watumishi wa zamani wa nyumba za Wazungu. Tahajia yake inayumba, maneno yameunganishwa na kutenganishwa ovyo, lakini watu hao walithubutu kuiandika lugha yao. Wenye diploma wa wakati wao walikuwa wakiandika kwa Kifaransa.

Sheria ya elimu ya Februari 2014 inataja lugha za taifa kuwa lugha za kufundishia na pia kuwa somo. Kwa shule ya sekondari, neno hilo la pili ndilo lenye uzito. Saa mbili kwa juma zingetosha kuanzia, zikiwa na kitabu, na mwalimu aliyesomea kazi hiyo, na swali moja la Kiswahili katika Mtihani wa Serikali.