Kabla Risasi Haijatoka

Magazini mpya ya bastola ni ngumu. Risasi za mwanzo huingia bila taabu, lakini mbili za mwisho humtoa mtu jasho: kidole gumba kinakandamiza, spiringi inasukuma juu, ukucha unauma. Wenye kubeba silaha kwa kazi wanayo dawa yao, nayo ni kuijaza pomoni, kuiacha siku kadhaa, kuitoa risasi na kuijaza tena mara nyingi. Dawa inafaa, ingawa sababu inayotajwa mara nyingi si yenyewe. Spiringi ya chuma kizuri hulegea kidogo inapobanwa mara za kwanza, kisha hutulia. Kinachoichosha baadaye ni kubanwa na kuachiwa tena na tena, wala si kulala ikiwa imebanwa. Jambo hili dogo ni la mtu wa historia vilevile. Katika nchi hii ya kusini-magharibi mwa Uganda, iliyo kati ya kilima cha Ruharo na mto Kagera, ambayo zamani ilikuwa ufalme wa Nkore, suala la nani anajaza silaha, kwa kitu gani na kwa muda gani, limekuwa na uzito kuliko suala la nani ana shabaha.

Tuanze na gobori, maana ndilo lililotangulia. Wafanyabiashara wa Zanzibar walifika Buganda katika miaka ya 1840; Ahmed bin Ibrahim alikuwa katika baraza la Kabaka Suna mwaka 1844. Bunduki zilizofuata njia hiyo, kupitia Tabora na Karagwe, zilijazwa mdomoni. Mpigaji alipima baruti, akaimimina ndani ya mtutu, akatia kitambaa au nyuzi, akatia risasi au vipande vya chuma, akashindilia kwa mdeki, kisha akaweka baruti kidogo kwenye kisahani cha gumegume, na hapo tu ndipo aliweza kulenga. Askari wa Ulaya aliyefunzwa vizuri aliweza kupiga mara tatu kwa dakika moja. Mvua ikinyesha, kazi yote imeharibika. Ila gobori lilikuwa na sifa moja ambayo wasimulizi wa vita huipita haraka: mwenye nalo hakuhitaji kiwanda. Fundi wa kijijini aliweza kulitengeneza upya, na kitu chochote kizito kilichoingia mtutuni kiliweza kuwa risasi. Gharama yake ilikuwa muda.

Wakubwa wa Ulaya walilielewa hilo barabara. Katika mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 walipiga marufuku kuingiza silaha katika Afrika yote iliyo kati ya nyuzi 20 kaskazini ya ikweta na nyuzi 22 kusini, kisha wakaacha mlango mmoja wazi: bunduki za gumegume zenye mtutu usio na mifuo, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Raifo za kujazwa kwa nyuma, na zile za kurudia, zilizuiwa. Yaani mpaka kati ya silaha ya mtawala na silaha ya mtawaliwa uliwekwa hasa pale mkono unapotia risasi. Kuna watakaosema kwamba nia ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na maneno ya mkataba wenyewe yanasema hivyo. Nakubali kwamba nia hiyo ilikuwepo. Lakini wavamizi wa vijiji walitumia magobori kwa wingi, na ndiyo yaliyoruhusiwa. Kama shabaha ilikuwa kuwanyang'anya wateka watu zana zao, basi zana iliyo mikononi mwa wengi wao iliachwa iendelee kuuzwa. Kilichozuiwa kwa uhakika ni kasi.

Mwaka uliofuata jambo hilo lilifika Nkore. Ofisa wa Kiingereza Lugard alipita hapa mwaka 1891 akielekea magharibi kuwachukua askari wa Kisudani waliobaki baada ya Emin Pasha, aliyekuwa gavana wao, kuondoka. Mtawala Ntare wa Tano hakukutana naye uso kwa uso. Alimtuma mjumbe, na mjumbe huyo akachanjiana damu na Lugard. Katika masharti ya Lugard, lililomhusu zaidi lilikuwa kufunga njia ya bunduki na baruti kutoka upande wa Wajerumani, kwa sababu shehena hizo zilipita Karagwe na Nkore hadi kwa Kabarega, mfalme wa Bunyoro. Nkore yenyewe ilikuwa na bunduki chache. Thamani yake machoni pa Lugard ilikuwa ya mlango. Biashara hiyo iliweza kumgharimu mtu roho: Charles Stokes, mmisionari aliyegeuka mfanyabiashara wa pembe na silaha, alinyongwa Kongo na ofisa wa Kibelgiji mnamo Januari 1895 kwa tuhuma za kuwauzia silaha wapinzani wa Dola Huru ya Kongo.

Pingamizi zito zaidi ni hili: Nkore haikuangushwa na magazini ya mtu yeyote. Sotoka iliua ng'ombe, ndui ikaua watu, Ntare akafa mwaka 1895, na mkataba wa 1901 ukasainiwa na nchi iliyokwisha kuchoka. Tena ofisa mkubwa wa Kiingereza aliyeuawa hapa, Harry Galt, aliuawa Ibanda tarehe 19 Mei 1905 kwa mkuki, silaha isiyojazwa chochote. Hoja hiyo ni ya kweli, na inatufaa. Sidai kwamba kasi ya kujaza ilishinda vita vya Nkore. Nadai kwamba iliamua nani angeweza kuendelea kupigana baada ya siku ya kwanza. Mkuki ule ulimuua mtu mmoja. Jibu la serikali likaja likiwa na ghala nyuma yake.

Na ghala ndilo kiini. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 ulitoza rupia 3 kwa mwaka kwa kila mwenye bunduki, raifo au bastola, bila kutofautisha. Mbona safari hii Waingereza hawakujali namna ya kujaza? Nadhani ni kwa kuwa risasi za kiwandani zilikuwa tayari zinapita katika mikono ya serikali, na raifo bila risasi zake ni fimbo ya bei ghali. Hata askari wao wenyewe hawakuaminiwa na kasi hiyo. Raifo za Lee-Metford, na Lee-Enfield za mwanzo, ziliwekewa kipande cha chuma cha kuifunga magazini, askari atie risasi mojamoja kwa mkono na zile za ndani zisubiri amri. Ng'ambo ya Kagera mambo yalikuwa kinyume: mwaka 1914 kampuni nyingi za askari wa Wajerumani bado zilibeba raifo za mwaka 1871, za risasi moja na baruti yenye moshi mwingi. Meli Rubens ilipoleta raifo mpya na risasi kwenye ghuba ya Manza, karibu na Tanga, mwezi Aprili 1915, ilishambuliwa na shehena ikalowa maji ya bahari. Risasi zilifumuliwa, baruti ikakaushwa, zikaundwa upya moja baada ya nyingine. Jeshi la magazini lilijikuta likifanya kazi ya gobori.

Hivyo ugumu wa magazini mpya si kasoro ya fundi. Kazi iliyokuwa ya mdeki imehamishiwa kwenye spiringi, na inalipwa kabla ya vita badala ya katikati yake. Bastola ya Luger ya jeshi la Ujerumani ilikuja na kifaa kidogo cha kumsaidia mjazaji, maana kidole kitupu kilishindwa. Gobori, lile lililoruhusiwa Brussels, halijatoweka. Polisi wa Tanzania bado wanakamata magobori mikononi mwa majangili, mengine yakiwa yametengenezwa na mafundi wa kienyeji kwa bomba la chuma na kitako cha mti, bila magazini.