Woga wa Koleo la Meno

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo watu wazima hawapendi kulizungumza, nalo ni kumwogopa daktari wa meno. Nasema watu wazima kwa makusudi. Mtoto akiogopa hulia, watu wakajua. Mtu mzima akiogopa husema ana shughuli. Husema jino limetulia, husema atakwenda mwisho wa mwezi, na mwezi huo hauna mwisho. Hapa Moshi ninawafahamu wenye maduka, walimu, makondakta na hata wauguzi ambao hawajafungua kinywa mbele ya daktari kwa miaka kumi na tano au ishirini. Si wajinga hao. Wanajua vizuri sana kwamba jino lililotoboka halijizibi lenyewe.

Huwa tunawacheka. Mimi naona tusiwacheke kabla ya kutazama historia, maana woga huu haukuota kama uyoga. Una mahali ulikotoka, na sehemu kubwa ya safari yake imepita hapa hapa kwetu, chini ya mlima.

Tuanze na wazee. Zamani Uchaggani, kama ilivyokuwa kwa jirani zetu Wamasai, kijana aling'olewa meno mawili ya mbele ya taya la chini. Ganzi haikuwepo. Pengo hilo halikuhesabiwa kuwa kilema. Sasa jiulize: kama babu alivumilia kutolewa jino zima, lisilo na ugonjwa wowote, mjukuu wake amepatwa na nini hata alikimbie koleo la zahanati? Jibu la haraka ni kwamba vijana wa siku hizi ni walaini. Jibu hilo silikubali hata kidogo. Maumivu ya mila yalikuwa na siku yake, yalikuwa na ndugu waliosimama karibu, na kila mtu alijua yanaanzia wapi na yanaishia wapi. Maumivu ya zahanati hayakuwa na hayo yote. Mtu alikwenda kwa asiyemjua, akakalishwa, na hakuelezwa kitakachofanyika.

Na meno yenyewe yalibadilika. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Kahawa ya huko mlimani ikapata njia nzuri ya kwenda baharini, na mwaka 1933 wakulima wakawa na chama chao kikuu, KNCU. Katika miaka hiyo hiyo ya 1930 Wadeni walikuwa wakilima miwa Arusha Chini, kusini ya mji, katika shamba ambalo sote tunaliita TPC. Kahawa ikateremka, sukari ikapanda, na chai ya vijiko vitatu ikawa heshima ya mgeni. Sina ugomvi na chai. Nasema tu kwamba sukari nyingi ililetwa na fedha, meno mabovu yakaifuata sukari, na yote mawili yalifika kabla ya daktari wa kuyatibu.

Daktari mwenyewe alichelewa sana. Mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno hapa nchini yalianza Muhimbili mwaka 1979. Kabla ya hapo aliyeitaka shahada hiyo alisomea ng'ambo. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, na sisi watu wa Moshi tulijiona wenye bahati, na kweli tulikuwa na bahati. Lakini mwenye jino huko Mwika, Tarakea au Siha hakuanzia KCMC. Alianzia karibu na nyumbani, na huko kazi ilikuwa moja tu, kung'oa. Kuziba kulihitaji mashine ya kuchonga, mashine ilihitaji umeme, na vipuri vilihitaji fedha za kigeni. Kung'oa kulihitaji koleo na mkono wenye nguvu.

Halafu ikaja miaka ya 1980, ambayo wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa. Sabuni foleni, sukari foleni, dawa hakuna. Ganzi duniani ilikuwepo siku nyingi. Horace Wells, daktari wa meno wa Hartford huko Marekani, alivuta gesi na kung'olewa jino lake mwenyewe mwaka 1844. Mjerumani Alfred Einhorn akaleta novokaini mwanzoni mwa karne ya ishirini, na mwaka 1943 Mswidi Nils Löfgren akatengeneza lignokaini, dawa ambayo hospitali zetu zinaitumia mpaka leo. Kwa hiyo mtoto aliyeng'olewa jino kavukavu mwaka 1982 hakuteseka kwa sababu elimu ilikuwa haijagunduliwa. Aliteseka kwa sababu boksi la dawa halikufika.

Mimi nilikuwa mmoja wa watoto hao, nikiwa na miaka tisa. Zahanati siitaji, na yule mganga alikuwa mtu mwema aliyefanya kazi na alichonacho. Baba alinishika kichwa, jirani akanishika miguu, na jino nililisikia lote mpaka mzizi. Baada ya siku ile nilikaa miaka 22. Katika miaka hiyo nilimaliza shule, nikaoa, nikahamia Dar es Salaam na kurudi, nikazoea kutafunia upande mmoja. Mke wangu alinigundua kwa muwa. Wenzangu waliumenya kwa meno, mimi niliukata vipande vidogo kwa kisu.

Miaka hiyo hiyo ilileta balaa jingine. Ilienea imani ya meno ya plastiki, kwamba mtoto mchanga mwenye homa na kuharisha ameota meno mabaya ndani ya fizi. Mama aliyeshikwa na hofu alimpeleka kwa mtu wa kuyachimbua kwa chombo chenye ncha kali. Kilichochimbuliwa kilikuwa chipukizi la jino lake halali, na mtoto aliondoka pale na jeraha, na ugonjwa wake vilevile. Wengine walikufa. Kwa hiyo wapo Watanzania ambao kinywa chao kiliguswa na chuma kabla hawajajua kusema mama.

Woga una ndugu yake, nao ni aibu. Hapa kwetu aibu ya meno ina rangi ya kahawia. Maji ya nchi yenye volkano hubeba madini ya floridi, na mtoto anayeyapata kwa wingi wakati meno yake yakijengeka ndani ya taya huota meno yenye madoa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Tanzania, kwa shida ya kupata maji mengine, kwa miaka mingi iliruhusu mpaka miligramu 8 vijijini, kabla ya kukishusha kiwango hicho. Rundugai, huko tambarare ya Hai, maji yana floridi nyingi, kwa hiyo madoa ya huko yanaeleweka. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulikuta madoa makali kwa watoto wa Kibosho, huko juu karibu mita 1,500, ambako maji hayana floridi ya kutajika. Magadi tunayotia kwenye kiburu na makande yameshukiwa, na hata ule mwinuko wenyewe umeshukiwa. Mtu mwenye meno hayo hujifunza kucheka huku amefunika mdomo. Hudhani daktari atamsema kuwa ni mchafu, kumbe doa la floridi haliondoki kwa mswaki, na si kila jino la kahawia limeoza.

Sasa weka woga na aibu pamoja uone vinavyofanya kazi. Mwaka 1984 mtafiti wa Göteborg, Sweden, Ulf Berggren, aliueleza mwendo huo kama duara. Mtu anaogopa, kwa hiyo haendi. Kwa kuwa haendi, meno yanaharibika. Yakiharibika anaona haya kuyaonyesha, na ile haya inaongeza woga, naye anakaa mbali zaidi. Sweden wakati ule ilikuwa na madaktari wa meno wa kutosha na dawa za kutosha, na bado duara lilikuwepo. Kwetu liliongezewa pingili moja ambayo Sweden haikuwa nayo: mtu akizidiwa na kwenda, alikuta koleo peke yake. Aliogopa kung'olewa, akachelewa mpaka jino likawa halina dawa ila kung'olewa, kisha akarudi nyumbani kuwaambia watoto kwamba wale kazi yao ni kung'oa tu. Na alisema kweli.

Nashangaa kwamba habari ninayotaka kuisimulia sasa haifahamiki na Watanzania wengi, maana ni yetu. Katikati ya miaka ile ile ya 1980, ya foleni na dhiki, shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilikuwa na mpango wa huduma ya kinywa huko Morogoro. Kubeba mashine nzito na jenereta kwenda vijijini kulikuwa hakuwezekani. Mholanzi Jo Frencken na wenzake wakajaribu kitu ambacho wakubwa wa fani hiyo wangekiona cha ovyo. Waliiacha mashine. Walichukua vyombo vidogo vya mkono, wakakwangua sehemu iliyooza tu, ile laini, wakaacha jino zima kama lilivyo, kisha wakaziba tundu kwa saruji ya meno inayoshika yenyewe. Umeme hauhitajiki, mlio haupo, na mara nyingi hata sindano haihitajiki. Jaribio hilo likafuatwa Thailand mwaka 1991 na Zimbabwe mwaka 1993, kwa saruji iliyo bora zaidi. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani ambayo mwaka ule ilikuwa ya afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani likaitangaza njia hiyo kwa nchi zote.

Walichokitafuta Morogoro kilikuwa namna ya kufanya kazi bila umeme. Walichokipata, bila kukitafuta, kilikuwa dawa ya woga. Utafiti kutoka zahanati za serikali za Afrika Kusini, uliotolewa mwaka 2007, ulionyesha kwamba watu waliozibwa meno kwa njia hii, watoto kwa wakubwa, walikuwa na hofu ndogo kuliko waliochongwa kwa mashine. Haifai kwa kila tundu, hasa tundu kubwa la pande nyingi, na jino ambalo uozo umeshafika kwenye kiini linataka tiba nyingine. Lakini nikiambiwa nitaje mambo ambayo Tanzania imeipa dunia, baada ya kutaja tanzanaiti ningeitaja hii. Pengine ningeitaja kwanza.

Mimi nilirudi kwenye kiti mwaka 2004. Sikupelekwa na ushujaa. Nilipelekwa na habari ya mtu wa mtaa wetu aliyevimba chini ya kidevu kutokana na gego bovu, uvimbe ukashuka shingoni, ukaziba njia ya hewa. Alikuwa na miaka arobaini na moja. Usaha wa jino ukishuka huko haupoi kwa kusukutua maji ya chumvi, na mwenye uvimbe wa namna hiyo, anayeshindwa kumeza au kufungua mdomo, asingoje asubuhi.

Daktari niliyemkuta alikuwa binti mdogo, umri wa mpwa wangu. Nilimwambia mlangoni: mwanangu, mimi naogopa, na sijaja kwa miaka 22. Nilitazamia ugomvi. Akasema, "Shikamoo mzee. Leo sitafanya kitu, nitatazama tu kwa kioo." Kweli akatazama tu, akaandika, akaniambia nirudi Jumanne asubuhi nikiwa nimekula. Jumanne akaniambia nikitaka apumzike niinue mkono wa kushoto. Niliuinua mara ya kwanza bila maumivu yoyote, kumjaribu tu kama atasimama. Alisimama. Tangu hapo sikuuinua tena. Meno matatu yalizibwa kwa muda wa mwezi mmoja na moja likatolewa, kwa ganzi iliyoshika.

Baadaye nilisoma kwamba huko Marekani, tangu mwaka 1969, wana maswali manne ya Norman Corah ya kupima woga huu. La kwanza linauliza utajisikiaje kama kesho unatakiwa kwa daktari wa meno, na alama huanzia 4 mpaka 20. Ni karatasi moja tu. Ningependa kuiona hapa kwetu, kwenye meza ya mapokezi, kando ya daftari la kuandikisha majina na kitabu cha risiti. Risiti nazo zina neno lake katika jambo hili: tangu uchangiaji wa gharama uingie hospitali za serikali mwaka 1993, mtu hupiga hesabu kabla ya kukaa, na kung'oa hugharimu kidogo kuliko kutibu mzizi. Wapo wanaoitwa waoga ambao kumbe wamepungukiwa fedha, na wapo wanaosema hawana fedha ambao kumbe ni waoga.

Muda wangu unakwisha, na sijasema neno juu ya harufu. Muuguzi mmoja aliniambia wapo wanaofika mpaka mlangoni, wakavuta pumzi mara moja, wakageuka na kwenda zao. Wanasema ni harufu ya dawa kali ya hospitali. Ni mafuta ya karafuu, ambayo madaktari wa meno huchanganya na unga wa zinki kuzibia jino kwa muda. Karafuu ni ile ile ya Pemba na Unguja, na wengi wa hao wanaogeuka mlangoni walikula pilau yenye karafuu hiyo Jumapili iliyopita, wakaomba waongezewe.