Beit al-Ajaib kwa Mbalamwezi

Vijana wetu waliozaliwa Muscat, Dubai na London, wakenda Unguja hupelekwa Forodhani saa moja ya usiku, wakala mishikaki na urojo, wakapiga picha, wakarudi kulala. Beit al-Ajaib wameiona, lakini wameiona kwa taa za wauza vyakula. Wazee wetu waliijua kwa taa nyengine, nayo ni mwezi, na taa hiyo ina saa zake na majira yake.

Jumba lenyewe lilijengwa na Sayyid Barghash bin Said mwaka 1883. Yeye naye aliwahi kuonja ughaibuni, maana mwaka 1859 alipelekwa Bombay baada ya kushindwa kumng'oa nduguye, Sayyid Majid. Aliporudi na kushika utawala mwaka 1870 alikuwa mtu aliyeona mengi. Ndiye aliyeleta maji ya mfereji mjini kutoka chemchemi ya Chemchem. Jumba alilifanya la mawe ya matumbawe na chokaa, na kulizungushia baraza pana za ghorofa zilizoshikwa na nguzo ndefu za chuma. Lilikuja kuwa jumba la kwanza Unguja kuwa na umeme, na la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti, na maajabu hayo ndiyo yaliyolipa jina. Kuna hadithi kuwa mlango wake ulifanywa mpana ili Sultani apite juu ya tembo. Mimi naona hiyo ni hadithi ya watembezaji wageni.

Sasa mwezi. Uso wa jumba unatazama bandarini, upande wa magharibi na kaskazini. Mwezi mpevu hutoka mashariki jua linapokuchwa, yaani nyuma ya jumba, kwa hiyo usiku wa mapema baraza zote za mbele zimo kivulini. Saa sita ya usiku mwezi huwa karibu na utosi. Baada ya hapo huanza kuteremkia baharini, na ndipo chokaa inapoanza kung'aa, baraza moja baada ya nyengine, na nguzo zikatupa vivuli vyake ukutani. Ni siku za bamvua hizo, na maji hujaa karibu na saa kumi, basi mwanga unapozidi ukutani bahari nayo huwa inapanda. Wakati wa kaskazi ni bora kuliko kusi, kwani miezi hiyo mwezi mpevu hupita upande wa kaskazini na kuchwa mbele ya jumba. Wakati wa kusi hulipiga ubavuni tu.

Upo usiku mmoja wa mwezi ambao historia haiwezi kuusahau. Sayyid Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896, katika Mfungo Sita wa mwaka 1314, na Sayyid Khalid bin Barghash akaingia katika jumba la utawala bila ridhaa ya Waingereza. Mwezi ulikuwa umetimia tarehe 23. Usiku wa kuamkia tarehe 27 ulitoka umechelewa, umeshamegeka kidogo, ukaziangazia manowari tano za Kiingereza zilizotia nanga mbele ya majumba. Waliokuwamo ndani waliweza kuziona bila ya taa. Saa tatu ya asubuhi mizinga ikaanza, na haikutimia dakika 45 mambo yakesha. Watu kiasi cha 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Beit al-Hukm iliangamia isijengwe tena. Beit al-Ajaib ilisalimika, ila mnara uliosimama mbele yake uliharibika.

Hapa nataka tuelewane, kwa sababu yanasemwa mengi katika mabaraza yetu. Mnara tunaoujua sote, ule wa saa ulio katika picha za harusi za mama zetu, si wa Barghash. Uliungwa na uso wa jumba mwaka 1897, baada ya mizinga. Sisi tuliotoka 1964 tuliacha jumba likiwa ofisi za serikali. Baadaye likawa makumbusho, na ndani yake likawekwa jahazi la mtepe lililoshonwa kwa kamba.

Desemba 2012 kipande cha baraza kilianguka. Kisha tarehe 25 Desemba 2020, wakati wa matengenezo yaliyogharimiwa na Serikali ya Oman, sehemu kubwa ya mbele iliporomoka pamoja na mnara, na watu wawili wakafariki. Mungu awarehemu. Mwaka 2022 nilikwenda mwenyewe, saa nane ya usiku, nikakuta mabati yamezunguka, na mwezi ukipenya mahali ambapo zamani palikuwa na ukuta. Nilisimama hadi miguu ikachoka.

Penye familia kuna sanduku la picha. Zile zinazoonyesha nguzo, milango na dari kwa karibu zina faida kwa mafundi kuliko picha za mbali, basi msizitupe wazee wakiondoka. Andikeni nyuma yake mwaka na nani kasimama wapi. Na atakayekwenda Unguja msimu wa kaskazi aangalie usiku wa kumi na nne au wa kumi na tano wa mwezi wa Kiislamu, alale mapema, aamke saa saba, achukue koti, maana upepo wa bahari saa hizo si mchezo.