Pasaka ya mikono midogo: kutoka makaburi ya Rungwe hadi vitunguu vya Ruaha Mbuyuni

Alfajiri ya Pasaka, tarehe 13 Aprili 1732, vijana wa kiume ambao hawajaoa walipanda kilima cha Hutberg, nje kidogo ya kijiji cha Herrnhut mashariki mwa Ujerumani, wakasimama katikati ya makaburi na kuimba nyimbo za ufufuko mpaka jua likachomoza. Kijiji chenyewe kilikuwa na miaka 10 tu. Kilijengwa na wakimbizi wa dini kutoka Moravia, waliopewa hifadhi na kabaila Nikolaus von Zinzendorf kwenye ardhi yake. Ibada ile ya vijana ikawa ya kijiji kizima, kisha ikawa ya kila mahali Wamoravian walikokanyaga.

Rungwe walifika mwaka 1891. Walikuwa wanne waliotumwa kuja kaskazini ya Ziwa Nyasa, wakiongozwa na Theodor Meyer. Mmoja wao, Georg Martin, alifariki mwaka huohuo. Karibu wakati uleule Alexander Merensky wa Misheni ya Berlin naye alikuwa akiweka kituo katika nchi ya Wanyakyusa, na baadaye Walutheri hao wakasonga mashariki hadi Ubena na Uhehe. Ndiyo maana mpaka leo ukisafiri kutoka Tukuyu hadi Iringa unapita katika nchi ambayo Pasaka yake imechorwa kwa kiasi kikubwa na Wajerumani: tarumbeta za shaba, kwaya za sauti nne na, kwa Wamoravian, ibada ya makaburini kabla hakujapambazuka.

Lakini kuna kitu Wajerumani hao walikuwa nacho kwao ambacho hakikushika mizizi huku. Herrnhut iko katika jimbo la Lusatia, na Lusatia ni miongoni mwa sehemu zinazosifika kuliko zote Ulaya kwa mayai ya Pasaka. Wasorbi, watu wa asili ya Kislavi wanaoishi kuzunguka mji wa Bautzen, huchukua unyoya wa bata bukini, wakaukata ncha iwe pembetatu, wakauchovya kwenye nta ya moto na kupiga chapa juu ya yai nukta kwa nukta. Yai huingizwa kwenye rangi, hutiwa nta tena, huingizwa kwenye rangi nyingine. Mwisho nta huyeyushwa karibu na moto na kufutwa kwa kitambaa, na mapambo yote hutokea kwa pamoja. Wazazi wa ubatizo waliwapa watoto wao mayai hayo, na watoto waliyabingirisha mteremkoni kushindana.

Kwa nini basi mtoto wa Rungwe alirithi tarumbeta na asirithi yai? Jibu langu la kwanza ni kalenda. Pasaka huangukia Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake, yaani kati ya Machi 22 na Aprili 25. Ulaya huo ndio mwezi theluji inapoisha, kuku wanaanza tena kutaga na sungura wanaonekana mashambani. Nyanda za Juu Kusini ni kinyume kabisa. Mvua zilizoanza Novemba zinaelekea ukingoni, mahindi mabichi yako shambani, nyasi zimefika kiunoni. Hapa hakuna kinachozaliwa upya Aprili. Kila kitu kimeshazaliwa zamani na kinangoja kuvunwa. Yai na sungura ni habari za nchi ya baridi inayoamka.

Jibu la pili ni kuku mwenyewe. Yai la kienyeji lilikuwa kifaranga cha kesho, na kifaranga kilikuwa chumvi, karo ya shule, au kitoweo cha mgeni. Sehemu nyingi za Tanzania wazee walikuwa hata na miiko: mjamzito akila yai mtoto atazaliwa hana nywele, mtoto akizoea mayai atakuwa mwizi. Miiko hiyo wataalamu wa lishe wamepambana nayo kwa miaka mingi, na wamefanya vizuri. Lakini humo ndani kulikuwa na akili ya uchumi: usile mbegu. Kumpa mtoto yai alitoboe, alipulize ute na kiini nje na kulipaka rangi kungeonekana wazimu.

Kilichokuwa rahisi kukipata ni majani, maua na matope. Na mikono ya watoto ilikuwa haina kazi, kwa sababu shule hufungwa Ijumaa Kuu. Makaburi ya Wamoravian yanapofyekwa kuelekea Pasaka, maua hayahitaji kununuliwa. Shada la mtoto ni gome kavu la mgomba lililosokotwa likawa pete, na mashina ya maua yamechomekwa kati ya nyuzi moja baada ya nyingine, yote yakielekea upande mmoja ili kila ua lifunike shina la mwenzake. Likinyunyiziwa maji jioni hukaa hadi alfajiri. Watoto wa Tukuyu hawajawahi kukosa mgomba.

Ipo pia sura ya historia ambayo husahauliwa. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia kutoka Nyasaland (Malawi ya leo), wamisionari wa Kijerumani wakakamatwa na kuondolewa, na kwa karibu miaka 10 usimamizi wa makanisa ya Rungwe ukawa chini ya Wapresbiteri wa Uskoti waliokuwa Livingstonia. Waskoti hao walitoka katika mapokeo yaliyokuwa kwa karne nyingi hayaadhimishi sana sikukuu za kanisa, Pasaka ikiwemo. Wajerumani waliporudi katikati ya miaka ya 1920, waliokuwa wamelea sharika zile siku kwa siku ni wazee wa kanisa na walimu wa hapahapa. Mtu akisema ibada ya makaburini ni ya Wajerumani, na akumbuke nani aliyeilinda.

Iringa mambo yalikuwa tofauti, kwa kuwa huko Wakatoliki waliingia mapema. Wabenediktini walifungua Tosamaganga mwishoni mwa miaka ya 1890, wakati Mkwawa, mtawala wa Wahehe, bado anapigana porini, na mwaka 1919 Wamisionari wa Consolata kutoka Italia wakaichukua kazi hiyo. Pasaka ya Mkatoliki kwa mtoto haianzii alfajiri ya Jumapili ya Ufufuko. Inaanzia wiki moja kabla, Jumapili ya Matawi.

Na hapo watoto wana hati yao ya zamani sana. Miaka ya 380 mwanamke mmoja Mkristo aitwaye Egeria alikwenda kuhiji Yerusalemu na kuandika alichokiona. Anaeleza maandamano yakishuka kutoka Mlima wa Mizeituni jioni, na watoto wote wa mahali pale wakishika matawi ya mitende au mizeituni, hata wale wasioweza kutembea, ambao walibebwa mabegani. Hiyo ni miongoni mwa habari za kwanza kabisa tulizonazo za Jumapili ya Matawi, na watoto wamo tangu mwanzo.

Ulaya kaskazini haina mitende, kwa hiyo Wapolandi wakatumia matawi ya mierebi ya nchi yao yenye vichipukizi laini, na Waingereza wakatumia miti yao ya makanisani. Nyanda za Juu nazo hazina minazi. Kyela wana michikichi, huko chini kwenye joto la ziwa, na kwenye mito na mabonde kama Usangu kuna mikindu. Aliye juu baridini huja na alichokipata, tawi la msaipresi likiwa mojawapo, na padre hulibariki hivyohivyo. Lakini mtoto mwenye ukindu ana bahati, maana ukindu unakunjika ukawa msalaba.

Nitaeleza polepole, kwa sababu hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Chukua ujani mmoja mrefu wa karibu sentimeta 60 na upana wa sentimeta 1, ulio laini. Ukiwa mkavu uloweke kwanza, la sivyo utavunjika kwenye kona. Toa uti wa pembeni kwa ukucha. Simamisha ujani, upande mnene ukiwa chini: huo ni mguu wa msalaba. Kwenye urefu wa kiganja, kunja ncha ije mbele na kushuka. Ikifika theluthi ya njia, ikunje kwa pembe mraba kuelekea kulia. Vidole viwili kutoka hapo, irudishe kwa nyuma ya nguzo hadi itokeze kushoto kwa kipimo kilekile. Ikunje tena ije mbele, sasa mikono ya msalaba imekamilika na ncha bado inaning'inia. Ipitishe mshazari juu ya kifundo, izungushe nyuma, itoe chini upande wa pili na kuipenyeza ndani ya mkunjo. Vuta. Mtoto wa miaka saba ataharibu miwili, wa tatu utashika. Nyumbani msalaba huo huchomekwa juu ya mlango au picha, na unapokaribia mwaka mwingine hurudishwa kanisani, ukachomwa kuwa majivu ya Jumatano ya Majivu.

Watanzania tumewafungia wengine misalaba hii bila kujisifu. Masasi, mkoani Mtwara, ambako Waanglikana wa misheni ya UMCA walifika mwaka 1876 pamoja na watumwa walioachwa huru, wanavijiji wamekuwa wakikunja misalaba ya majani na kuiuza kwa makanisa ya Uingereza na Marekani tangu miaka ya 1960. Muumini wa London anayetoka kanisani na msalaba mdogo mkononi, huenda ameshika jani la Kusini mwa Tanzania.

Iringa ina kitu chake kinachozidi ukindu, nacho ni milulu. Ni nyasi ndefu za majini ambazo wanawake wa Kihehe hufumia vikapu vinavyojulikana sasa duniani kote kama vikapu vya Iringa. Vikitoka mkononi vina rangi ya kijani kibichi, vikikaa vinageuka rangi ya asali. Mtoto hawezi kufuma kikapu cha sokoni, na asilazimishwe. Lakini mabaki ya milulu, vijiti vinane vilivyofungwa katikati vikatandazwa kama miale ya jua, na utepe mmoja unaopita juu ya kijiti, chini ya kijiti, juu, chini, humpa kiota cha kutosha mayai mawili kwa saa moja. Afadhali kiongezwe kijiti kimoja kinachoanzia katikati, jumla ya miale iwe witiri, vinginevyo utepe ukimaliza mzunguko utapita palepale ulipopita na kikapu hakifungi. Kila bibi anayefuma analijua hilo.

Na yai sasa limefika, wala si kwa Wamoravian. Enzi za Waingereza walowezi wa Kigiriki walilima tumbaku Iringa, na Wagiriki ni Waothodoksi ambao Alhamisi Kuu huchemsha mayai mekundu na siku ya Pasaka huyagonganisha, wawili wawili. Ambalo ganda lake halikupasuka limeshinda. Leo trei ya mayai ya kisasa iko kila duka la Mwanjelwa, Mbeya, na Miyomboni, Iringa, na kwenye rafu za maduka makubwa kuna mayai ya plastiki na masikio ya sungura ya kitambaa, yameletwa na kontena. Shule za awali za mijini hununua. Mimi siyachukii, ila nashangaa mtu anunue rangi ya Pasaka akiwa Iringa, mkoa wenye Ruaha Mbuyuni, ambapo pembeni mwa barabara kuu ya Dar es Salaam magunia ya vitunguu yamepangwa hadi macho yanachoka.

Maganda makavu ya vitunguu maji ndiyo rangi nyekundu ya zamani ya mayai, Ugiriki na kwingineko. Jaza sufuria ndogo maganda ya vitunguu vyekundu, weka maji, chemsha hadi yawe kama chai ya rangi iliyokolea sana. Yapoe. Mtoto achague jani dogo lenye mikato, la giligilani linafaa sana, alilowanishe na kulibandika kwenye yai bichi, kisha alifunge yai zima kwa kipande cha soksi nyembamba na uzi. Mayai yaingie sufuriani pamoja na kijiko cha siki, yachemke taratibu kwa dakika 10 hadi 12 na kuachwa humo yakiendelea kunywa rangi. Kazi ya moto ni ya mama au kaka mkubwa. Soksi ikifunguliwa yai ni la rangi ya matofali na jani limeacha kivuli cheupe, mishipa yote ikionekana. Tumia la kienyeji, ganda lake ni jeupe zaidi. Paka tone la mafuta ya alizeti ling'ae. Na ni chakula, lisilale juani siku nzima.

Kadi nazo hazina haja ya duka. Iringa mjini, mwaka 2003, karakana ya Neema Crafts ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana ilianzishwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Tembo hameng'enyi hata nusu ya anachokula, kwa hiyo kinyesi chake ni nyuzi tupu zilizokwisha kutafunwa; zikioshwa, zikachemshwa na kupondwa, ni karatasi. Nyumbani tembo hayupo, lakini madaftari ya mwaka jana yapo. Yachanwe vipande, yalale kwenye maji usiku kucha, yatwangwe kwenye kinu hadi yawe uji. Kipande cha chandarua kilichochakaa kikazwe kwenye fremu ya mbao, kichovywe kwenye beseni la uji huo na kuinuliwa sawasawa. Petali za maua zikinyunyizwa wakati huo hukaukia humohumo. Aprili Mbeya jua ni la kuvizia, hivyo karatasi zikae siku mbili ndani, mbali kidogo na jiko la mkaa, zikiwa zimegandamizwa kwa kitambaa na vitabu vizito. Zikikauka ziandikwe kwa penseli. Wino wa kalamu hutambaa.