Mkono wa Kulia, Kijiko na Uma: Ushahidi wa Majina ya Vyombo vya Kulia

Majina ya vyombo hutumiwa mara nyingi kuwa ushahidi wa asili ya vyombo vyenyewe. Neno likiwa la Kiarabu, husemwa kwamba na kitu chake kililetwa na Waarabu. Likiwa la Kibantu, husemwa kwamba kitu hicho ni cha tangu kale. Ushahidi huo wafaa, lakini una mipaka yake, na mipaka hiyo huonekana waziwazi katika vyombo vya kulia.

Chombo cha kwanza cha kulia ni mkono, na lugha yenyewe yashuhudia: mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula, jina lililotokana na kitendo cha kula katika hali ya kutendea. Adabu za pwani zaafikiana na jina hilo. Maji huletwa katika birika, watu hunawa, kisha kila mmoja hula kwa mkono wa kulia, upande wa sinia ulio mbele yake, wala hanyoshi mkono upande wa mwenziwe.

Sinia ni neno la Kiarabu, na asili yake katika lugha hiyo ni jina la nchi ya China. Hata hivyo sinia ya pwani ni chombo cha madini, si cha udongo wa Kichina. Vyombo vya Kichina vilifika kweli, maana vigae vyake vimefukuliwa Gedi na Kilwa; lakini jina la sinia si dalili yake. Tena desturi ya kula pamoja katika chombo kimoja haikungoja sinia. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331 kabla ya kwenda Mombasa na Kilwa, aliandaliwa wali wa samli katika chombo kikubwa cha mti. Chombo cha mti cha kuandalia chakula Waswahili hukiita chano, nalo si neno la kigeni.

Neno meza latokana na Kireno. Wareno walifika Malindi mwaka 1498, na Ngome ya Mombasa ikawatoka mwaka 1698. Walioliazima neno lao hawakuacha kwa ajili hiyo kula juu ya mkeka. Neno liliingia katika lugha. Desturi ikabaki pale ilipokuwa.

Kijiko ni mwiko mdogo, kama kijiji kilivyo mji mdogo: chombo cha jikoni kilipunguzwa, kikaletwa mbele ya walaji. Waitalia walifanya vivyo hivyo, maana kwao forchetta ni forca ndogo, yaani uma wa shambani wa kugeuzia majani makavu. Hata hivyo uma ulichelewa kukubaliwa Ulaya. Katika karne ya 11 Petro Damiani alimlaumu mke wa mtawala wa Venice, mzaliwa wa Konstantinopoli, kwa kukataa kugusa chakula kwa vidole na kukitia kinywani kwa uma wa dhahabu. Mwingereza Thomas Coryat, aliyesafiri Italia mwaka 1608, alieleza matumizi ya uma katika kitabu chake cha 1611 kuwa ni jambo geni kwa watu wa kwao, na alipoyaiga alitaniwa. Kwa hiyo kula kwa mkono hakuwezi kuhesabiwa kuwa ni upungufu wa ustaarabu.

Uma wa mezani ulipofika Afrika ya Mashariki pamoja na Wazungu, Waswahili hawakuazima jina. Walitumia neno lao, lenye shina moja na kitendo cha kuuma, ambalo hutajwa kwa kitu chenye ncha ya kuchomea. Hapa jina ni la zamani na matumizi ni mapya. Lakini kanuni ya Kiingereza yataka uma ushikwe kwa mkono wa kushoto na kisu kwa wa kulia. Mkono wa kula ukawa mkono wa kukata. Wengi wamelitatua jambo hilo kwa kuacha kisu na kula wali kwa kijiko, wakikishika kwa mkono wa kulia.

Basi sinia na meza zaonyesha njia ambayo maneno yalipita. Kijiko na uma zaonyesha kazi ambayo vyombo vilipewa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotosha, peke yake, kuonyesha siku ambayo chombo kilifika wala mahali kilikotoka. Anayetaka kuandika historia ya vyombo hana budi kusoma kamusi, kisha atazame namna watu wanavyokula.