Lenzi Laini na Macho Yanayowasha

Lenzi za kwanza za kuvaliwa machoni zilikuwa za kioo. Mwaka 1888 daktari Adolf Eugen Fick, akiwa Zurich, alieleza alivyozijaribu kwa sungura, kisha kwake mwenyewe na kwa watu wachache. Zilifunika hadi weupe wa jicho, na hazikuvumilika zaidi ya saa chache. Plastiki ngumu iliyofuata ilikuwa nyepesi, ila haikupitisha oksijeni, na konea haina mishipa ya damu: ikiwa wazi, oksijeni yake huipata hewani kupitia machozi.

Ulaini ulitoka Praha. Katika miaka ya 1950 wanakemia Otto Wichterle na Drahoslav Lím walitengeneza plastiki inayonyonya maji ikawa laini, yaani haidrojeli. Serikali ya Chekoslovakia haikuona faida ya kuendelea na utafiti wa lenzi, hivyo Wichterle akauhamishia nyumbani. Krismasi ya 1961, kwa vyuma vya mchezo wa watoto wa kuunganisha na dinamo ya baiskeli, aliunda mtambo wa kuzungusha kimiminika hadi kigande kwa umbo la lenzi. Ni ushindi wa kustaajabisha. Mwaka 1971 lenzi za Bausch & Lomb zilizotokana na kazi hiyo ziliidhinishwa Marekani.

Maumivu ya ugumu yalipungua sana, lakini malalamiko mengine yakajitokeza. Protini za machozi ziligandamana juu ya lenzi, na upande wa ndani wa kope ukavimba vipele. Dawa za kuhifadhia lenzi, hasa zenye thiomersal, ziliwasha macho ya wengi. Lenzi za kutupwa baada ya muda mfupi zilipunguza yote mawili, kwani uchafu haukupata nafasi ya kurundikana.

Tatizo la oksijeni, ambalo ulaini haukulimaliza, lilishughulikiwa mwishoni mwa miaka ya 1990, lenzi za haidrojeli ya silikoni zilipoingia sokoni. Wataalamu walitarajia macho yatulie. Wekundu ulipungua kweli, lakini ukavu wa jioni ulibaki, na ndio unaowafanya wengi waache lenzi. Hapo macho ya watafiti yakageukia mahali palipopuuzwa: utando wa machozi, ambao lenzi huugawa mara mbili na kuufanya ukauke upesi, na ukingo wa kope unaosugua lenzi kila jicho linapopepesa. Anayekazia macho kompyuta hupepesa mara chache, na chumba chenye kiyoyozi huharakisha kukauka kwa machozi.